Kisima cha shangazi karibu na Shinkolobwe: mashine inasema mayi ni mazuri, niamini?

Mwana Likasi

Jambo kwenu nyote. Naandika kutoka Likasi, Haut-Katanga, Kongo. Mtanisamehe Kiswahili changu. Cha nyumbani ni kingine na hiki nilikipata vitabuni. Ila maji kwangu yatabaki kuwa mayi, hilo msihangaike kunirekebisha.

Shangazi yangu alikuwa akipika bukari (ugali) na kuwauzia wachimbaji pale Shinkolobwe, mgodi wa zamani wa urani, mpaka 2004. Kijiji kilipobomolewa mwaka ule, yeye na jamaa kumi na kitu wakahamia bondeni, nje ya eneo lililofungwa, wakachimba kisima kwa mikono. Kina mita 14 hivi, kimejengwa matofali ya kuchoma ndani, na hatua sitini kutoka hapo kinapita kijito kinachotoka upande wa mgodi wa zamani. Jina la kijiji sitalitaja.

Mayi ya kisima kile ndiyo mazuri kuliko yote ninayoyajua. Hayana rangi wala harufu. Kasoro yake ni moja tu, birika linashika weupe kama chokaa, shangazi analikwangua kwa kijiko kila Jumamosi.

Mwezi uliopita kijana mmoja anayenunua kobalti alipita na mashine yake ya kupimia mionzi, ile wanayoitumia kukagua magunia. Akaiweka juu ya ndoo, ikalia tiki, tiki, polepole. Akasema "mayi iko muzuri, mama," akanywa kikombe kizima mbele ya watu. Shangazi sasa ananicheka kwa sababu ni mimi niliyekuwa nikimsumbua. Mimi ni mwalimu wa kemia, sekondari, na kitu fulani kwenye mashine ile hakinikai sawa, lakini nashindwa kukieleza.

Kabla ya hapo nilikuwa nimechukua mayi kwenye chupa ya soda, nikayapeleka maabara moja mjini, nikalipa, na wiki mbili baadaye nikapewa karatasi yenye muhuri: "yanafaa kunywa." Nikageuza karatasi mbele na nyuma. Walikuwa wamepima vijidudu na pH. Basi.

Kingine: asubuhi miguu ya shangazi inavimba. Na kwenye mdomo wa kisima kuna jiwe la njano lenye mistari ya kijani, kubwa kama mkate, ambalo marehemu mume wake alilitoa kule kwa sababu lilimpendeza. Watoto wanalikalia wakingoja zamu ya ndoo.

Nauliza: mashine ile niiamini? Kuchemsha kunasaidia? Na kama nitachukua mayi tena kwenda kupima, nichukue vipi ili wasinirudishie karatasi nyingine ya muhuri tu?

Mtu wa Ilala

Mayi ama mayai? 😀 Dada, chemsha tu. Moto unaua kila kitu. Bibi yangu amekunywa maji ya Msimbazi miaka themanini.

Papa Kikula

Mwanangu, mimi nimezaliwa Likasi ikiitwa Jadotville, na nimefanya kazi kiwandani miaka 26. Kuhusu kupima mayi watakujibu wenye elimu hiyo. Mimi nikwambie kuhusu lile shimo, maana hakuna anayeweza kukutafutia mayi yanakotoka kama hajui yamekaa wapi.

Yule Mwingereza, Robert Sharp, aliliona mwaka 1915. Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, ilianza kuchimba 1921. Wakati ule urani haikuwa na bei. Walitaka radiamu, metali yenye mionzi, ya hospitali na ya kupaka mishale ya saa ing'ae usiku. Mawe yalikwenda mpaka Olen, Ubelgiji, ndiko walikoitoa hiyo radiamu. Sasa sikiliza hapa: mwaka 1937 mgodi ulisimamishwa, ukajaa mayi. Vita ilipokuja, mkurugenzi wao, Edgar Sengier, alikuwa amekwisha kupeleka tani zaidi ya elfu moja za mawe New York, kule Staten Island, zikalala ghalani mpaka jeshi la Marekani likaja kuzinunua 1942. Hazikutosha. Wakarudi huku, wakavuta mayi yote kwa pampu, wakaendelea kuchimba. Urani nyingi ya bomu la Hiroshima ilitoka katika shimo hilo unaloliona kwa mbali ukienda kwa shangazi yako.

Nimekueleza habari ya pampu kwa sababu moja. Mgodi ule ni mtungi. Ukiuacha, unajaa. Mwaka 1960, kabla ya uhuru, Wabelgiji waliziba mashimo kwa saruji wakaondoka, na sisi tukakua tukiambiwa "kumefungwa." Saruji inazuia mtu. Mayi hayazuii. Na hata mtu haikumzuia, maana kuanzia miaka ya tisini mwishoni vijana walikuja kwa maelfu kutafuta kobalti. Rais akatoa amri ya kufunga Januari 2004, wakaendelea, Julai upande mmoja ukaporomoka ukaua watu 8. Ndipo Umoja wa Mataifa ukatuma wataalamu wake mwisho wa mwaka ule. Shangazi yako atakuwa anayakumbuka hayo kuliko mimi.

Na usitazame upande wa mgodi peke yake. Novemba 2007 madini yenye mionzi yaliyokamatwa hapa Likasi, ambayo yalipaswa kurudishwa Shinkolobwe, yalikutwa yametupwa Mto Mura. Kwa hiyo mto usioanzia mgodini nao unaweza kuwa na habari yake.

Jiwe lile litoe pale. Leo.

Fundi wa Visima, Dodoma

Mwalimu, pole na hongera. Pole kwa karatasi ya muhuri, hongera kwa kuigeuza nyuma. Wengi hawageuzi.

Mimi nimepima maji ya visima miaka 19, mingi Dodoma na Singida ambako adui yetu ni chumvi na floridi, na miaka miwili Bahi na Manyoni, wakati kampuni zilipokuwa zinatafuta urani kule. Nitakujibu kwa urefu, chukua chai.

Ile mashine. Usiiamini kwa maji. Si mbovu, ina kazi nyingine. Urani iliyoyeyuka kwenye maji inatoa zaidi mionzi ya alfa, na alfa inazuiwa na karatasi moja ya daftari. Sasa maji yenyewe ni karatasi juu ya karatasi: kinachotokea kina cha kidole kimoja ndani ya ndoo hakifiki juu. Halafu kuna suala la uchache. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 30 za urani kwa lita. Mikrogramu hizo 30 hazitoi hata bekereli moja, maana yake katika lita nzima hakuna hata atomi moja inayovunjika kila sekunde. Ndizi mbivu ina zaidi ya bekereli kumi kwa sababu ya potasiamu yake, na sijaona mtu akiikimbia ndizi sokoni. Kisima kinaweza kuwa na urani mara tano ya kiwango na mashine ikaendelea kutafuna tiki zake zile zile za mionzi iliyopo angani siku zote. Yule kijana hakumdanganya shangazi, alijidanganya mwenyewe, tena kwa kikombe kizima.

Jambo ambalo nadhani ndilo lililokukwama kooni, mwalimu wa kemia: kwenye maji ya kunywa, urani inaogopwa kwanza kama sumu, ndugu wa risasi na kadmiamu. Mionzi inakuja nyuma. Kiwango kile cha 30 kimewekwa kwa ajili ya figo, na figo haisikii tiki.

Mtu wa Ilala, bibi tunamuombea umri, ila moto unaua chenye uhai. Urani haina uhai wa kuuawa. Ukichemsha lita tatu zikabaki mbili na nusu, urani yote imebaki kwenye hizo mbili na nusu, umeikoleza kama mchuzi. Klorini nayo haiigusi. Kinachotoka ni radoni, ambayo ni gesi, na hiyo inatoka hata kwa kumimina kutoka ndoo hadi ndoo. Shangazi aendelee kuchemsha kwa ajili ya homa ya matumbo, asichemshe kwa ajili ya mgodi.

Sasa birika. Mwalimu, uliposema birika linashika weupe ndipo nilipokaa sawa kwenye kiti. Watu wakisikia "maji ya mgodi" wanatafuta maji mekundu, makali, samaki wanaelea. Hayo ni maji ya asidi, yapo, na yana faida moja: hayajifichi. Lakini mwamba wa Shinkolobwe ni dolomiti, jamii ya chokaa. Asidi ikizaliwa pale, mwamba unaimaliza. Maji yanatoka meupe, pH saba na kitu, shaba nyingi imedondoka njiani, mtu anayaonja anasema asante Mungu. Urani haidondoki. Ikishakutana na hewa inashikamana na ile bikaboneti iliyotoka kwenye dolomiti, na inasafiri ndani ya maji mazuri kama abiria aliyelipa nauli. Weupe wa birika unatokana na bikaboneti hiyo hiyo, inayogeuka chokaa maji yanapochemka.

Sijasema kisima kina urani. Nimesema kwamba kwenu, uzuri wa maji si ushahidi wa chochote. Nimekutana na watu Manyoni walioacha kisima chenye chumvi isiyodhuru wakahamia cha maji matamu ambacho ndicho kilichokuwa na shida. Ulimi ni maabara mbaya sana.

Jiwe. Njano, kijani, rangi ya chungwa: hizo ndizo rangi za madini ya urani yaliyokaa karibu na uso wa ardhi yakaoza kwa hewa na mvua. Shinkolobwe ni maarufu kwa hayo, madini kama curite, becquerelite na sklodowskite yalielezwa kwa mara ya kwanza kutoka huko, na wakusanyaji wa mawe Ulaya wanayaweka kwenye makabati ya kioo. Hapo ndipo mashine ya yule kijana ina kazi, na cha ajabu ndipo hakuiweka. Msilivunje wala msilipige mswaki. Lilowesheni maji ili lisitoe vumbi, liingizwe kwa koleo kwenye ndoo yenye mfuniko, liwekwe mbali na nyumba na mbali na kijito, aliyelibeba anawe mikono na kubadili nguo. Udongo uliokuwa chini yake nao ukwanguliwe uende humo humo. Halafu toeni taarifa kwa ofisi ya serikali inayoshughulika na nguvu za atomiki. Kwenu ni CGEA.

Kuchukua sampuli nitaandika usiku, nina watu kisimani.

Mwana Likasi

Aksanti sana, yaya (mkubwa wangu) Fundi. Nimesoma sehemu ya birika mara tatu. Nimekuwa nikifundisha bikaboneti miaka saba na sikuwahi kuiona kwenye birika la shangazi!

Miguu je? Niseme hospitali kwamba ni urani?

Fundi wa Visima, Dodoma

Hapana. Nenda na miguu, usiende na jibu. Presha, kisukari, moyo, vyote vinavimbisha miguu, na vyote ni vya kawaida kuliko urani. Aombe wapime presha, mkojo kuona protini, na damu kuona kreatinini, inayoonyesha figo zinafanyaje kazi. Amwambie daktari anaishi wapi na anakunywa maji gani, daktari ataamua. Nikuongezee tu kwamba madaktari wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wa Leuven, Ubelgiji, waliwahi kupima mikojo ya watu 351 wa Katanga, wakachapisha mwaka 2009, na waliokaa karibu na migodi na viwanda walikuwa na metali nyingi zaidi mwilini, urani ikiwemo. Lakini iliyowashtua zaidi ilikuwa kobalti, hasa kwa watoto. Kwa hiyo usikaze macho kwenye urani peke yake kwa sababu ya jina lake kubwa.

Sampuli sasa.

Chupa ya soda sahau. Omba chupa za plastiki ngumu kutoka maabara itakayopima, ndiyo wajibu wao. Na kabla hujachota tone, waandikie uwaulize maswali mawili. La kwanza: mnapima urani kwa mashine ya ICP-MS (ile inayoona metali hata zikiwa chache mno ndani ya maji)? Kama hawaijui, ondoka kwa heshima. La pili, na hili ndilo linalowaponza watu: kiwango chenu cha chini kabisa mnachoweza kuona ni kipi? Niliwahi kupewa jibu "urani: chini ya 100." Bosi akafurahi, akasema hakuna. Nikamwambia bosi, kiwango ni 30, hawa wangepita juu ya 90 bila kuiona. Ni kama kumtafuta kuku kwa darubini ya kutafutia ng'ombe. Unataka maabara inayoona mikrogramu moja au chini yake.

Usichote sehemu moja. Chupa ya kisima peke yake itakupa namba, haitakupa habari. Chota kisimani. Chota kijitoni, juu kabisa unakoruhusiwa kufika bila kuvuka mstari wa askari (usivuke, hakuna chupa yenye thamani hiyo), na tena chini ya kijiji. Halafu tafuta kisima au chemchemi ya upande mwingine wa kilima, ambako maji hayatoki mgodini, kwenye mwamba wa aina ile ile. Hicho cha mwisho watu wanakiona ni kupoteza pesa, na ndicho ninachokithamini kuliko vyote. Mwamba wenye urani ulikuwa na urani kabla ya Mwingereza yeyote. Ukikuta kisima cha shangazi na chemchemi ya mbali vinalingana, basi ni ardhi. Ukikuta cha shangazi kimezidi mara kumi, kuna la kuuliza. Figo zenyewe hazijali kama ni ardhi au mgodi, lakini atakayelipa kisima kipya atajali sana.

Kisimani: ndoo ya plastiki na kamba safi, usitumie ndoo ya bati. Watu wachote kwanza asubuhi kama kawaida yao, wewe uje baada ya ndoo thelathini, arobaini, ili upate maji yanayoingia, siyo yaliyolala. Suuza chupa mara tatu kwa maji yale yale unayoyachukua, kisha jaza. Pima pale pale pH, joto na upitishaji umeme, vipimo vya mkononi vinatosha, shule yako inaweza kuwa navyo. Andika kwa kalamu isiyofutika saa, tarehe na namba. Usiandike "kisima cha mgodini" kwenye chupa. Andika A, B, C na ufunguo uweke kwenye daftari lako. Anayepima asijue anachopima.

Asidi ya nitriki inatiwa ili metali zisigande kwenye kuta za chupa. Wewe ni mwalimu wa kemia, unaweza, ila mimi ningewaachia maabara kama chupa zinafika haraka. Waambie baada ya kutia asidi zikae angalau saa 16 kabla ya kupima. Sehemu moja chukua chupa mbili, uzipe herufi tofauti. Majibu yakitofautiana sana, tatizo ni lako au lao, siyo la kisima. Na chupa moja ijazwe pale pale kisimani kwa maji safi kabisa uliyopewa na maabara. Ikirudi na urani, ujue mikono yako, kifuniko au vumbi vimeingia kati.

Waombe urani, kobalti, shaba, nikeli, manganizi, risasi, aseniki, na bikaboneti. Pesa ikiruhusu, mionzi ya alfa ya jumla na ya beta ya jumla. Alfa ikipita nusu bekereli kwa lita, au beta ikipita bekereli moja, ndipo unatafuta zenye mionzi moja moja: radiamu-226, risasi-210 na poloniamu-210. Usianze na hizo, ni ghali na zitakumaliza.

Rudia mvua zikikolea na tena mwisho wa kiangazi. Mvua zinasukuma, kiangazi kinakoleza. Sampuli ya siku moja ni picha ya harusi: kila mtu amependeza.

Kijana wa Namtumbo

Natoka Ruvuma. Kwetu kuna mradi wa urani wa Mto Mkuju, lile eneo lililomegwa kutoka Selous mwaka 2012. Mgodi mkubwa wenyewe bado. Sisi tufanye nini? Hatuna cha kupima bado.

Fundi wa Visima, Dodoma

Mnacho, na ni bora kuliko cha mwalimu. Pimeni sasa. Visima, mito, hata udongo wa kwenye majaruba. Misimu miwili, mitatu, karatasi ziwekwe kwa serikali ya kijiji na nakala kwa mtu asiyehama. Tume ya Nguvu za Atomiki ipo, waandikieni kupitia halmashauri, muulize nao wamepima wapi na lini. Papa Kikula akuambie leo angetoa nini ili apate chupa moja ya maji ya Shinkolobwe ya mwaka 1914.

Papa Kikula

Pensheni yangu yote. Ambayo si nyingi, kwa hiyo ningeongeza na mbuzi.

Mwanangu mwalimu, kimoja nimesahau. Muulize shangazi yako matofali ya kisima yalitoka wapi, na mchanga, na kokoto za kukizunguka. Zamani ukitaka kokoto nzuri ya bure ulikwenda kwenye rundo la mawe yaliyotupwa mgodini. Baba yangu aliweka msingi wa jiko letu hivyo.

Fundi wa Visima, Dodoma

Papa, hilo ningepaswa kuliuliza mimi kabla ya yote. Nimeaibika kidogo.

Mwana Likasi

Narudi baada ya siku 23.

Matofali yalichomwa hapo hapo kijijini. Kokoto za kuzunguka kisima, shangazi amenyamaza kwanza, halafu akasema: "Si zilikuwa za bure?" Magunia manane. Nimemwita tena kijana wa mashine. Juu ya jiwe la njano ililia kama panzi aliyeshikwa, mpaka yeye mwenyewe akairudisha mfukoni. Juu ya kokoto imeongeza kidogo, si sana, sehemu moja zaidi ya nyingine. Jiwe limo ndani ya ndoo yenye mfuniko, limeondoka kisimani, na barua imekwenda CGEA. Watoto walilia kwa sababu sasa hawana pa kukaa. Fundi wa kijiji amewatengenezea benchi la ubao.

Hospitali: presha ya shangazi iko juu sana, amepewa dawa, miguu imepungua. Mkojo na damu wamepima, protini haipo, kreatinini daktari amesema ni ya umri wake. Ulisema nisiende na jibu, na kweli nilikuwa nalo mdomoni mpaka mlangoni.

Maabara ya hapa nimeachana nayo. Nimepata nyingine, wanayo ICP-MS, wanaona mpaka nusu mikrogramu, walinitumia chupa na maji yao safi kwa basi. Kwa sasa, mvua zikiwa zimeanza, wanakunywa mayi ya bati: tumefunga mfereji na pipa, na dakika kumi za kwanza za kila mvua zinamwagwa ili vumbi la paani lisiingie. Kisima wanafulia na kuogea. Ugomvi ulikuwepo. Majirani wawili wamekataa kabisa, wanasema mayi ya mvua hayana ladha.

Nimechota jana. Chupa saba. A na D ni kisima, B na C kijito juu na chini, E chemchemi ya upande wa pili wa kilima, saa mbili kwa miguu, nimeteleza mara mbili. F kisima cha jirani aliyekataa, kwa ruhusa yake, alitaka kunionyesha mimi ni mjinga. G ni ile ya maji ya maabara. pH ya kisima 7.4, ya chemchemi 7.5, yaani mapacha. Nyingine nangoja.

Nilipofungua mayi ya maabara pale kisimani na kuyamimina kwenye chupa G, shangazi alikuwa amesimama na ndoo kichwani. Akanitazama muda mrefu.

"Umesoma miaka yote ile," akasema, "ukaagiza mayi Lubumbashi, ukalipia basi, ili uyalete kisimani?"

Nikamwambia ndiyo, na kesho yanarudi Lubumbashi.

Basi linaondoka saa kumi na moja alfajiri. Majibu yakija nitayaweka hapa, herufi zote saba.